Mtoto aliyesoma "na-me" hakukosea

Nilimwita ubaoni mtoto wa Darasa la Tatu asome neno "name". Akasoma kwa sauti kubwa: "Na-me." Darasa zima likacheka, nami nikamwambia akakae. Miaka mingi imepita, na bado naona nilimwonea. Alifuata kanuni tuliyomfundisha sisi wenyewe: kila irabu ina sauti yake moja, na hakuna herufi inayoandikwa bure.

Kwa Kiswahili kanuni hiyo inatosha. Irabu tano, sauti tano. Mtoto akishashika ba, be, bi, bo, bu, haichukui muda anasoma jina la kaka yake kwenye daftari. Kiingereza kina herufi 26 na sauti zipatazo 44, na irabu ndizo zinazotutoa jasho. Wanafunzi wangu wakisikia "hat", "hut" na "heart", masikio yao yanapokea neno lilelile. Tukiwaimbisha "ei, bii, sii" kutwa nzima hatujawasaidia, maana "sii, ei, tii" haziungani zikawa "cat".

Ndiyo maana naunga mkono kufundisha Kiingereza kwa sauti za herufi badala ya majina yake. Wenzetu wa Kenya walianza kusambaza njia hiyo nchi nzima mwaka 2015 kupitia programu ya Tusome, kwa Kiingereza na Kiswahili pamoja.

Ila kuna jambo tunaliruka. Mtoto wa Uingereza akiunganisha sauti za "cat", anamkuta paka wa kwao. Wa kwangu anapata "kat", kisha ananitazama nimwambie amesoma nini. Furaha ya kusoma ma-ma hutokana na kwamba mama alijulikana kabla ya herufi. Kiingereza nacho kinahitaji kupita mdomoni kwanza.

Siku hizi naingia darasani na kapu. Kabla ya chaki natoa kikombe, kofia, kalamu. Tunashika, tunataja, tunaombana, tunapeana. Wiki ya pili ndipo naandika "cup" ubaoni. Hapo kazi inaanza, kwani midomo yetu haijazoea neno kuishia na konsonanti, na wote wanaitikia "kapu", ambalo ni hilohilo nililolishika mkononi! Nawaonyesha: midomo ifunge kwenye p, isifunguke tena. Tunarudia mstari kwa mstari, na darasa lina watoto 90.

Aliyeandika "tebo" akikusudia "table" simchorei mkasi. Sikio lake limefanya kazi. Iliyobaki ni tahajia, nayo tutaisahihisha pamoja.

Ninachoomba kwa wakubwa wa elimu ni mafunzo ya masikio kwa sisi walimu, kabla ya shehena nyingine ya vitabu. Wengi wetu hatukufundishwa sauti hizi popote. Tulikariri, na tunakaririsha. Rekodi za sauti kwenye simu, nusu saa kila wiki walimu tukisahihishana, zingebadili mengi.

Mwezi uliopita binti mmoja aliniuliza, "Mwalimu, hii e ya mwisho haisemi kitu, sasa imekuja kufanya nini?" Nikamwambia imekuja kuiambia a iliyotangulia itaje jina lake, "ei". Akarudi kwenye dawati, akafuta "neim" yake, akaandika upya.