Geji Isemayo Kweli

Wenye Land Rover za zamani mkoani Singida wanaujua vyema mlima wa Sekenke, katika barabara iendayo Igunga. Dereva aupandapo kutoka mbuga ya Wembere, geji ya joto ndiyo mlinzi wa injini yake. Silinda hedi ikipinda, karo ya watoto huishia gereji. Basi, ndugu msomaji, geji ya zamani ikifa ukanunua nyingine dukani, usiridhike kwa kuwa tu imeenea vema katika tundu la dashibodi.

Kwanza, fungua waya wa betri kabla ya kugusa chochote.

Pili, geji na sensa yake ni mume na mke. Ukiiunganisha geji mpya na sensa isiyo yake, huenda mshale ukatulia penye baridi ilhali maji yanachemka.

Tatu, katika Series III, iliyotoka mwaka 1971, geji za joto na mafuta hupata umeme kupitia kifaa kidogo kinachoupunguza kutoka volti 12 hadi 10 hivi. Mishale yote miwili ikipanda kupita kiasi, chunguza kifaa hicho na athi yake kabla ya kununua geji.

Kabla hujamlipa fundi, mwombe aitie sensa katika maji ya moto, ikiwa imeungwa na geji na athi, nawe utazame mshale. Usipopanda, kazi haijaisha.