TAA KOPI: FUNDI AIPIME KABLA HUJAPOSTI

Wauzaji wenzangu, zile taa kopi za wabunifu wakubwa (mfano Arco ya Italia, ya 1962) zinatoka sana, sikatai. Hata mimi niliagiza mtandaoni. Kuiwasha ya kwanza nyumbani, nikagusa chuma, shoti! Fundi kuifungua: nyaya mbili tu, ethi hakuna. Taa ya chuma iwe na ule waya wa kijani na njano, isipokuwa yenye alama ya mraba ndani ya mraba. Soma pia volti. Ya 110 kwenye umeme wetu wa 230 usithubutu. Kwangu mimi, kuiuza bila fundi kuipima ni kumpelekea mteja ajali, tena mwenye watoto. Zangu zote zipo stoo, mtaji umelala humo humo.