Acha kuchokonoa pua, utaumbuka!

Leo tunahamia puani. Msicheke! Wapo wanaotoka na shati la nguvu na marashi ya bei mbaya, kumbe ndani ya pua kuna kidonda kinachovuja damu.

Kwa vijana wa Mwadui na Maganzo hili si geni. Tangu Williamson alipogundua almasi pale mwaka 1940, udongo unachimbuliwa na kuchekechwa, na kiangazi kikishika kasi vumbi linaingia hadi kwenye sufuria ya ugali. Jioni pua imekauka, imejaa magaga. Mtu anaingiza kidole, anabandua, ngozi laini ya ndani inachanika. Bakteria aitwaye stafilokokasi, ambaye karibu watu 3 katika kila 10 wanaishi naye puani bila habari, anapata mlango. Kesho yake pua nyekundu, jipu linachungulia.

Sasa kasheshe inaanza. Huyu anafungua rangi mbili na kunyunyiza unga wake kwenye kidonda, yule anakamua jipu mbele ya kioo. Jamani, acheni! Mishipa ya damu ya pua inaungana na ile ya ndani ya kichwa. Ni mara chache, lakini uchafu wa jipu ukifika huko unaweza kuua.

Dhidi ya vumbi, funika pua ukiwa kazini. Jioni isafishe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo, kisha pakaa mafuta mgando kiasi mlangoni mwa pua. Na kucha zikatwe!

Kidonda cha vumbi hupona baada ya siku chache. Kikipita wiki 2, au tundu moja likawa linaziba na kutoka damu kila mara, usisingizie vumbi tena. Inaweza kuwa TB, kaswende, ukoma, saratani au kinga ya mwili imeshuka. Nanyi wa Geita mnaosaga mawe ya dhahabu, vumbi lake huharibu mapafu na kuifungulia TB njia.

Najua kinachowazuia: aibu. Mtaa utasema una ukoma! Lakini ukoma unatibika kwa vidonge, na dawa zake, kama za TB, hutolewa bure hapa nchini. Ukichelewa, ukuta wa katikati ya pua unaweza kutoboka na pua ikabonyea. Hilo sasa mtaa mzima utaliona bila kuambiwa.

Haya, kidole nje, mguu hospitali. Tukutane wiki ijayo!