Daktari Burkitt na Madaftari ya Mulago

Katika vitabu vya utabibu vinavyosomwa ulimwenguni kote mna saratani moja ya watoto iitwayo kwa jina la Denis Burkitt, mpasuaji wa Ireland aliyepoteza jicho moja angali mtoto, akaja Uganda mwaka 1946 katika utumishi wa serikali ya kikoloni, akatumikia kwanza Lira na kisha hospitali ya Mulago, Kampala; na kwa kuwa jina hilo limeenea hivyo, wengi hudhani kuwa alikuwa bingwa wa maabara aliyezungukwa na vyombo vya thamani. Dhana hiyo si sahihi, na madhara yake ni kutuaminisha kwamba utafiti ni milki ya matajiri.

Mwaka 1957 aliitwa na mwenziwe, Hugh Trowell, kumtazama mtoto wa kiume aliyevimba taya za juu na za chini, kulia na kushoto. Uvimbe aghalabu hushika upande mmoja, kwa hiyo mpasuaji alitaajabu. Na muda si mrefu, alipomwona mtoto wa pili mwenye hali iyo hiyo katika hospitali ya Jinja, taajabu iligeuka kuwa utafiti. Alirudi Mulago akafukua majalada ya watoto waliougua saratani, akakuta kwamba uvimbe wa taya uliandamana mara kwa mara na uvimbe wa figo, ini na viungo vingine vya tumboni, mambo ambayo waganga walikuwa wakiyaandika mbalimbali kana kwamba ni maradhi mengi. Insafu yatulazimu kusema kuwa hakuwa wa kwanza kuyaona, kwani Albert Cook wa hospitali ya Mengo alikwisha kuyaacha katika kumbukumbu zake miaka mingi kabla. Waliona wengi, aliyeshikilia kuuliza yapo wapi na hayapo wapi ni Burkitt.

Swali hilo liligharimu fedha kidogo mno. Alipeleka barua na picha kwa hospitali za serikali na za misheni, akatia alama katika ramani kwa kila jibu. Kisha mwaka 1961, pamoja na waganga wenziwe Ted Williams na Cliff Nelson, akapanda gari kuukuu, wakasafiri kiasi cha maili 10,000 hadi Afrika Kusini na kurejea, wakiingia hospitali moja baada ya nyingine. Ramani ikadhihirisha ukanda uliopita katikati ya Afrika, na maradhi yakikoma palipo na baridi ya milima au uhaba wa mvua. Mipaka hiyo ililandana na ya malaria, ambayo leo wataalamu huihesabu miongoni mwa visababu vyake.

Mwaka uo huo alihutubia London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo mtafiti Anthony Epstein, aliyetambua kwamba maradhi yafuatayo joto na mvua huenda yamebeba kirusi. Vipande vya uvimbe vikawa vikisafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, hata mwaka 1964 Epstein na wenziwe Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Huko Mulago nako, ambako mashine za mionzi hazikuwapo na kisu hakikufaa, Burkitt alijaribu dawa, na baadhi ya watoto wakapona kwa dozi chache tu.

Baadaye, akiwa amerejea Uingereza, alishughulika na makapi ya nafaka katika chakula na kupata umaarufu mkubwa zaidi, ingawa kwa maoni yangu hoja zake huko mara nyingine zilitangulia ushahidi. Kazi yake ya Kampala ndiyo iliyosimama imara, kwa sababu ilijengwa juu ya madaftari: karani aliyeandika umri na kijiji cha mgonjwa, mganga wa misheni aliyejibu barua, na mtaalamu aliyehifadhi kipande cha nyama ya uvimbe. Alipofariki mwaka 1993 alisifiwa yeye, hao hawakutajwa.

Kwa hiyo nawaomba wanaogawa fedha za afya katika nchi zetu, kila wanapotenga fungu la mashine mpya, wasimsahau mwandishi wa daftari la saratani: aajiriwe, afunzwe, alipwe kwa wakati, na majalada yake yapewe chumba kisichovuja.