Damu adimu London, ya kawaida Kigali
Antijeni ya kwanza ya kundi la damu la Duffy ilitambuliwa London mwaka 1950 kupitia mgonjwa wa hemofilia aliyeongezewa damu mara nyingi; jina ni lake. Mwaka 1955 ikaonekana kuwa Wamarekani weusi wengi wa New York hawana Duffy kabisa. Hivyo neno "adimu" linahitaji kutajiwa mahali: mkazi wa Nyarutarama, Kigali, anayechangia damu huenda hana Duffy na asijue, maana kipimo cha kawaida hutaja ABO na Rh tu. Wanaosema O hasi humfaa kila mtu wamfikirie mgonjwa asiye na U, antijeni iliyotambuliwa 1953, ambayo wanaoikosa ni karibu wote wa asili ya Afrika. Mgonjwa huyo akishatengeneza kingamwili dhidi ya U, hata O hasi yaweza kumuua. Rwanda kasi ya kufikisha damu ipo: droni za kampuni ya Zipline zinaipeleka damu hospitalini tangu 2016. Kinachohitajika zaidi ni orodha ya wachangiaji waliopimwa kwa kina, na kuanza na ndugu wa baba na mama mmoja, ambao kila mmoja ana angalau nafasi moja kati ya nne ya kukosa antijeni hiyo kama mgonjwa.