Sinema, Chuki na Kitenzi "Kutoweka"

Makala haya yanadai kwamba sinema inayoikabili chuki ya jamii ipimwe kwanza kwa nafasi ya kusema inayompa anayechukiwa, wala si kwa wingi wa huruma yake.

Mjadala huu si mpya. Mwaka 1947 Hollywood ilitoa filamu mbili juu ya chuki dhidi ya Wayahudi: Crossfire ya Edward Dmytryk na Gentleman's Agreement ya Elia Kazan. Baadhi ya Wayahudi wenyewe walizipinga, wakihofu kwamba kuitaja chuki hadharani ni kuichochea. Kasoro yake, hata hivyo, ilikuwa kwingine. Katika ya kwanza, Myahudi anauawa mapema. Katika ya pili, mhusika mkuu ni mwandishi wa habari asiye Myahudi anayejifanya Myahudi, naye rafiki yake aliye Myahudi kweli amewekwa pembeni. Aliyechukiwa alisemewa.

Kwetu, Umoja wa Mataifa ulihesabu zaidi ya watu 70 wenye ualbino waliouawa Tanzania kati ya 2000 na 2015. Shinyanga na Geita zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika mno, na katika machimbo ilienea imani kwamba viungo vyao huvuta dhahabu. Filamu ya White Shadow ya Noaz Deshe, iliyotuzwa Venice mwaka 2013, inamhusu kijana aliyeshuhudia baba yake akiuawa. Aliyeigiza nafasi hiyo, Hamisi Bazili, ana ualbino mwenyewe, na filamu inazungumza Kiswahili.

Wapo wanaoshikilia kwamba picha kama hizo hufundisha uovu. Filamu za kichawi za Nigeria ziliwahi kulaumiwa hivyo. Lakini filamu ya kichawi huonyesha kiungo kikileta mali, ilhali hii huonyesha mtoto akibaki yatima. Kuzilinganisha ni kutotazama.

Hapa ndipo isimu inapohusika. Imani ya zamani husema kwamba zeruzeru hafi, bali hutoweka. Kitenzi "kutoweka" hakihitaji mtendaji, na asiyekufa hawezi kuuawa. Hivyo muuaji amekwisha kusamehewa na sarufi kabla ya kufika mahakamani. Mitaani mtu huyohuyo ameitwa "dili", yaani biashara. "Kuuawa", kinyume chake, ni kauli ya kutendwa: hutulazimisha kuuliza, na nani? Filamu inayomwonyesha mtendaji akiwa na panga mkononi hurudisha swali hilo.

Mwaka 2024 mtoto wa miaka miwili mwenye ualbino aliuawa wilayani Muleba, mkoani Kagera. Hatuwezi kusema, basi, kwamba mjadala umepitwa na wakati. Tunapendekeza filamu za namna hii zionyeshwe katika vituo vya wachimbaji, zijadiliwe kwa Kiswahili na Kisukuma, na mazungumzo hayo yaongozwe na watu wenye ualbino wenyewe. Aliyekuwa akisemwa aanze kusema.