Seva za Dodoma na mbegu isiyopandwa mara mbili

Wadau, tangu Rais Magufuli atangaze Julai 2016 kwamba serikali yote inahamia Dodoma, mjadala wetu umekuwa majengo ya Mtumba, viwanja na reli. Leo naomba tuangalie kitu kidogo kuliko vyote hivyo: faili dogo tu la kompyuta.

Serikali imehamia Dodoma, imehamia na mtandaoni. Sheria ya Serikali Mtandao ni ya 2019, ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya 2022. Huduma za mtandaoni zinalindwa kwa funguo za siri, na ufunguo hutengenezwa kwa namba za kubahatisha. Tatizo, kompyuta haijui kubahatisha. Inaokoteza vurugu ndogondogo, mfano vidole kwenye kibodi. Sasa seva iliyowashwa hivi punde, nani anaibonyeza? Ndo maana mifumo mingi ya Linux huhifadhi "mbegu" kwenye faili inapozimwa, ikaisoma inapowaka.

Mkulima wa mtama wa Bahi akipata mbegu nzuri huitunza airudie. Hii ya kompyuta ukiirudia umeumia. Fundi anaandaa seva moja, anainakili mara kumi pamoja na faili lile. Seva kumi, mbegu moja! Au umeme unakatika ghafla, mbegu mpya haijaandikwa. Kama hakuna chanzo kingine cha kubahatisha, funguo zinaweza kufanana. Anayeukisia ufunguo wako havunji mlango. Anaingia kama mwenye nyumba.

Msidhani ni nadharia. Mei 2008 ilitangazwa kwamba badiliko la 2006 kwenye OpenSSL ya Debian liliacha mbegu iwe karibu namba ya mchakato tu, isiyozidi 32,768. Kompyuta ya kawaida inazijaribu zote. Mwaka 2012 watafiti walipekua intaneti wakakuta ruta na vifaa vingine vingi vina funguo dhaifu, baadhi zikifanana, kwa kuwa zilitengenezwa kifaa kikiwa ndo kwanza kimewashwa.

Dawa ipo, tena haina gharama. Faili lisomwe na msimamizi mkuu wa mfumo peke yake. Programu ihakikishe ni faili halisi, si njia ya mkato, na limesomwa lote. Mbegu ya zamani ifutwe kwenye diski kabla haijategemewa, mpya iandikwe hapohapo bila kungoja kuzima. Ichanganywe na vyanzo vingine. Na anayenakili seva alifute kwanza.

Hoja yangu ni hii: halmashauri au wizara inapopokea mfumo, isiulize bei na kasi tu. Imuulize mkandarasi, "Mbegu inatoka wapi, na seva hii ni nakala ya ipi?" Akibabaika, asilipwe kwanza. Taarifa zilizomo ni zetu, jamani, si zake.

Mliopo UDOM na kwenye vyumba vya seva, mnasemaje? Naomba kutoa hoja.